Pigo la Pili Halikumpata Kichwani

Nina deni kwa mdogo wangu, na maneno haya ni sehemu ya kulilipa. Nayaandika pia kwa ajili ya mzazi, kaka, dada au mke ambaye leo ameketi kando ya kitanda cha mtu aliyegongwa kichwa. Anampenda, anamwogopea, wala hajui kwamba mapenzi hayo hayo yanaweza kumfunga mgonjwa asisogee.

Mdogo wangu alikuwa fundi seremala Keko, Dar es Salaam, na jioni alikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu kule Temeke. Mpira wenyewe ni ule wa mchangani: uwanja wa vumbi, magoli ya mabomba ya chuma, watazamaji wamesimama hadi kwenye mstari. Alikuwa na miaka 23. Sifa yake kubwa ilikuwa kutoka golini bila kusita. Mshambuliaji akibaki naye ana kwa ana, yeye ndiye aliyetangulia kuushukia mpira.

Jumapili moja aliushukia hivyo hivyo. Goti la mshambuliaji likampata juu ya sikio, naye akaangukia nguzo ya goli. Alilala kimya kwa sekunde chache, kisha akaketi. Mtu mmoja akaja na chupa ya maji, akamwagia kichwani. Kocha akamwinamia, akamuuliza, "Uko fiti?" Akatikisa kichwa kuitikia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya goli, na makofi nilipiga pia.

Alicheza dakika nyingine tano. Katika dakika hizo alimuuliza beki wake mara tatu, "Ngapi ngapi?" Akajibiwa, akauliza tena. Kona ikapigwa, mpira ukapita hatua mbili mbele yake, hakunyanyua hata mkono. Hapo ndipo beki alipompungia mwamuzi. Tulipomfikisha kando ya uwanja alikuwa anatapika.

Hospitali daktari wa zamu alimmulika macho, akamwambia abane vidole vyake viwili, akamuuliza siku, mwezi na mahali alipo. Kwa kuwa alikuwa ametapika na hakukumbuka mechi ilivyoanza, alipelekwa kwenye kipimo cha CT. Damu haikuwa imevuja, mfupa haukuwa umevunjika. "Ni mtikisiko wa ubongo," daktari alisema. Akatueleza kwamba ubongo ni kitu laini kilichozungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikipigwa au kikisukwa ghafla, nao husukwa. Chembe zake huvurugika katika utendaji wake bila kupasuka, ndiyo maana picha hutoka safi ilhali mgonjwa anaumwa kweli: kichwa kinauma, mwanga unamkera, kelele zinamchosha, kumbukumbu zinateleza, usingizi unapotea. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, wengine huchukua mwezi au zaidi.

Kisha akatupa karatasi. Upande wa mbele uliorodhesha dalili za hatari, zile zinazotaka mgonjwa arudishwe hospitali mara moja: kichwa kuuma kwa kuzidi, kutapika tena na tena, degedege, kuzidiwa na usingizi hadi haamshiki, mkono au mguu kulegea, maneno kukokota, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka sikioni au puani. Tuliusoma upande huo nyumbani mara nyingi hadi tukaukariri. Upande wa nyuma hatukuugeuza.

Usiku wa kwanza mama alikataa alale. "Akilala huyu hataamka," alisema. Daktari alikuwa ametuambia alale, sisi tumwangalie tu, lakini neno la mtaani lilikuwa na nguvu kuliko la daktari. Kila alipofumba macho tulimpiga piga mashavu. Kulipokucha kichwa kilikuwa kinamuuma mara mbili ya jana, nasi tukaona ni ushahidi kwamba hali ni mbaya.

Mama akapigilia kitenge dirishani. Simu tukamnyang'anya. Redio ya jirani tukaomba izimwe. Chakula alipelekewa kitandani, na bafuni alishikwa mkono. Daktari alisema apumzike siku moja au mbili. Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa nne. Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika hatukwenda, kwa sababu barabara ina matuta na mashimo, na mama alisema kichwa kile hakistahimili kurushwarushwa ndani ya daladala.

Mimi nilikuwa na kosa langu peke yangu. Usiku, wengine wakilala, nilikuwa nikisoma kwenye simu habari za kugongwa kichwa. Nilisoma juu ya mvulana wa miaka 14 wa Ireland ya Kaskazini aliyefariki mwaka 2011 baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule. Nilisoma juu ya Dkt. Bennet Omalu, Mnigeria aliyeuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2002, akakuta madhara ambayo wengi hawakuyategemea. Niliyabeba yote hayo nikamsomea mdogo wangu, nikidhani ninamkinga. "Umeona? Ndiyo maana tunakwambia utulie. Kichwa chako kikiguswa tena, basi."

Habari zile zilikuwa za kweli. Nilichoacha ni kipimo chake. Yule mvulana aligongwa, akaendelea kucheza, akagongwa tena katika mechi ile ile, ubongo ukiwa bado katika msukosuko wa pigo la kwanza. Jambo hilo madaktari wanalijua. Ni la nadra, na huwapata zaidi vijana wadogo wanaorudi mchezoni kabla ya kupona. Webster naye alicheza misimu 17 katika ligi kuu ya Marekani, kichwa kikigongana na vingine mwaka baada ya mwaka. Mdogo wangu alikuwa kitandani wiki ya tano, na hakuna kilichokuwa kimemgusa kichwa isipokuwa mto. Nilimpa kweli isiyomhusu, naye akaivaa kama yake.

Hofu ilianza kwa vitu vidogo. Akawa anajishika kichwa juu ya sikio, mara kwa mara, kama mtu anayekagua mfuko wa fedha sokoni. Akawa anajimulika machoni kwa tochi mbele ya kioo kulinganisha mboni. Alianza kuinama kila anapopita mlangoni, ingawa mlango wetu unampita kwa shubiri nzima. Nasi tukamsaidia kuogopa. Kila baada ya saa moja mmoja wetu alichungulia na kuuliza, "Kichwa vipi?" Mtu akiulizwa hivyo mara 12 kwa siku, mara 12 kwa siku atakitafuta kichwa chake kinapouma, na anayetafuta hakosi.

Wiki ya sita tulimshawishi aende hadi kituoni kupata hewa. Akakubali kwa sharti moja: avae kofia ya pikipiki. Kijana ambaye kabla ya siku ile alikuwa akipanda bodaboda kichwa wazi kutoka Keko hadi nyumbani, sasa aliingia kwenye daladala amevaa kofia ngumu na ameifunga kidevuni. Abiria walimtazama. Kwenye tuta la kwanza gari likaruka, kofia ikagusa bomba la juu, ikalia "ko!" Basi. Moyo ukamwenda mbio, kifua kikambana, mikono ikafa ganzi, jasho likamtoka. Alishuka akiyumba, akaketi chini pale kituoni, akaniambia, "Kaka, nakufa." Tukakimbilia hospitali. Alipimwa, hakukutwa na tatizo jipya. Lakini sisi hatukusikia "hakuna tatizo." Tulisikia kwamba daladala ni hatari, na hakupanda tena.

Hapa ndipo penye fundo la kisa hiki, na nililielewa nikiwa nimechelewa. Kila alipoepuka kitu, alipata nafuu. Akirudi chumbani, moyo unatulia. Nafuu ile ndiyo iliyomfundisha kwamba alichokikimbia kilikuwa hatari kweli, na kesho yake hofu ilirudi ikiwa imenenepa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tulifanya zaidi: tulimwondolea unyasi wote machoni, akakosa nafasi ya kuona kwamba hauna nyoka.

Na hofu ina ubaya mwingine, kwamba huvaa nguo za ugonjwa wenyewe. Hofu huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kukosa usingizi, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Mtikisiko nao huleta hayo hayo. Mtu aliyelala wiki nane, siku akisimama lazima dunia imzunguke, hata kama ubongo wake umepona. Yeye alipohisi kizunguzungu alisema, "Mnaona? Bado." Nasi tukasema, "Bado, lala."

Majirani walikuwa na maneno yao. Wengine walisema anadeka. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, tumpeleke kwa mganga. Mwenye karakana ya Keko alivumilia miezi miwili, kisha akamweka kijana mwingine kwenye benchi lake. Simlaumu, kazi za watu zilikuwa zinangoja. Binti waliyekuwa wamezungumza mambo ya posa akapunguza kuja, kisha akaacha.

Usiku mmoja wa wiki ya kumi na moja niliingia chumbani kwake nikamkuta amelala sakafuni juu ya mkeka, mito ameizungusha pande zote. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa sauti ya kuona haya, "Kaka, kitandani naweza kudondoka."

Kitanda kile alikitengeneza mwenyewe, kwa mninga, alipopata malipo yake makubwa ya kwanza. Kimo chake hakifiki gotini. Nilitoka nje nikaketi barazani hadi alfajiri. Mimi na mama tulikuwa tumeilinda ile sehemu juu ya sikio kwa karibu miezi mitatu, na katika kuilinda tulikuwa tumempoteza mwenyewe.

Asubuhi tulikwenda hospitali ya serikali kwa teksi, taratibu, macho yake yamefumbwa. Daktari alimchunguza, akatupeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Mdogo wangu alimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kaa. Tangu siku ile umegongwa tena mara ngapi?"

"Sijagongwa."

"Na umetembea mara ngapi?"

Hakuwa na jibu. Yule mama akaomba karatasi tuliyopewa siku ya kwanza. Nilikuwa nayo, imekunjwa hadi imechakaa. Akaigeuza upande wa nyuma, akatusomea polepole: mgonjwa apumzike saa 24 hadi 48, asifanye kazi nzito wala kukaa sana kwenye simu, kisha aanze kutembea na kufanya shughuli nyepesi, akiongeza kidogo kidogo. Alipomaliza hakutukemea. Alituachia ukimya.

Akamfuatisha macho kwa kidole, akamtembeza kisigino mbele ya kidole gumba, akaibonyeza shingo. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. "Pigo lililotikisa ubongo lilivuta na shingo," alisema, "na sehemu ya maumivu haya ya kichwa inatoka hapa. Hili linatibika." Akamtoa kwenye baraza ndefu ya jengo, akamwambia atembee kwenda na kurudi kwa mwendo wa mtu anayewahi pantoni. Mdogo wangu alitetemeka. Alitembea dakika sita. Kichwa kilianza kugonga kidogo, akasimama kwa woga.

"Kati ya sifuri na kumi, maumivu ni ngapi?"

"Nne."

"Yalikuwa ngapi ulipoanza?"

"Tatu."

"Basi hujavunja kitu. Yakipanda pointi mbili, na yakatulia ndani ya saa moja, mwili unakwambia unafanya kazi. Yakipanda zaidi ya hapo au yakakawia, shuka kidato kimoja, kesho jaribu tena. Hiyo ndiyo sheria yako."

Baadaye nilisoma, safari hii nikitafuta kipimo pamoja na habari. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kutoka Milwaukee, Marekani, juu ya vijana 88 wa miaka 11 hadi 22 waliopata mtikisiko. Kundi moja liliambiwa lipumzike kabisa siku tano. Jingine lipumzike siku moja au mbili, kisha lianze kurudi kwenye shughuli hatua kwa hatua. Waliofungiwa siku tano ndio walioeleza dalili nyingi zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Buffalo walionyesha kwamba vijana walioanza mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo siku chache tu baada ya kuumia walipona mapema kuliko waliopewa mazoezi ya kujinyoosha: siku 13 dhidi ya 17. Na wataalamu wa dunia walipokutana Amsterdam mwaka 2022 walisema wazi kwamba pumziko kali la kujifungia halisaidii. Sisi tulikuwa tumeng'ang'ania dawa ambayo ilishaondolewa rafuni.

Yule mama alimpa mdogo wangu ngazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwili, ile ile wanayopewa wanamichezo kote: shughuli za kila siku, kutembea haraka na baiskeli ya kusimama, kukimbia na mazoezi ya mchezo akiwa peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili, mechi. Kila kidato kisipungue saa 24, na vile vitatu vya mwisho haruhusiwi kuvigusa mpaka dalili zote ziishe na daktari atoe kibali. Kwake yeye, aliyelala karibu miezi mitatu, kila kidato kilichukua wiki na wiki.

Ngazi ya pili ilikuwa ya hofu. Kwa hiyo alimpeleka kwa mwenzake wa kliniki ya afya ya akili. Mdogo wangu alisita. "Mimi si kichaa, mama." Akamjibu, "Mguu ukivunjika unakwenda kwa wa mifupa. Hofu nayo ina watu wake. Wala sisemi unajifanya. Kinachodunda kifuani mwako ni cha kweli, na kinatibika." Huko kliniki aliandika kila alichoogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Kulala kitandani. Kupita mlangoni bila kuinama. Kukaa kiti cha dirishani kwenye daladala. Kusimama nyuma ya goli wengine wakicheza. Kudaka mpira wa tenisi. Kudaka mpira wa miguu uliorushwa kwa mkono. Kuanguka kwenye mchanga. Kila kitu alikifanya na kukirudia, akikaa nacho hadi moyo uteremke wenyewe, bila kukimbia. Sisi nyumbani tulipewa kazi moja: tuache kuuliza "Kichwa vipi?" Ilikuwa kazi ngumu kwa mama kuliko zote.

Siku moja mtaalamu wa kliniki hiyo alimuuliza kuhusu ile kofia ya pikipiki. Mdogo wangu akamtaja Petr Čech, kwani kipa gani wa rika lake hajui kofia ya Čech? Akaelezwa jambo ambalo hakuwa amelifikiri. Čech alivunjika fuvu tarehe 14 Oktoba 2006, Chelsea ikicheza na Reading. Kofia ile ililinda mfupa uliokuwa umevunjika. Hakuna kofia inayozuia kabisa ubongo kutikisika, kwa kuwa ubongo hutikisika ndani. Na Čech alirudi golini Januari 2007, akadaka hadi mwaka 2019, akiwa nayo kichwani hata usiku wa Munich mwaka 2012 alipookoa penalti ya Robben na Chelsea ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Yeye aliivaa ili arudi. "Wewe unaivaa ili nini?" Mdogo wangu aliiacha kofia nyumbani wiki iliyofuata, akabaki nayo kwa bodaboda tu, mahali inapostahili.

Mwezi wa sita tangu aumie alipata kibarua katika karakana nyingine. Siku moja akiinuka chini ya rafu aligonga kichwa, pale pale juu ya sikio. Alinipigia simu. Nilisikia anavyohema, nami moyo wangu uliruka. Nilitaka kumwambia asisogee, nakuja na teksi. Nikajizuia. Nikamwambia, "Toa karatasi." Tukaisoma pamoja kwenye simu. Je, ulizimia? Hapana. Unakumbuka kila kitu? Ndiyo. Unatapika? Unaona viwili? Umechanganyikiwa? Hapana. Inauma ngapi? "Tatu, ya ngozi." Akaketi nusu saa kwenye kivuli, fundi mwenzake akimwangalia. Hakukuwa na kilichobadilika. Akarudi kwenye randa. Jioni alipanda daladala, akakaa dirishani, akafika nyumbani akala. Kugonga kichwa si kila mara kutikisa ubongo, na siku ile alilijua kwa mwili wake, baada ya mimi kumficha kwa nusu mwaka.

Mwezi wa kumi alisimama golini tena, kipindi kimoja, kwa kibali cha daktari. Mpira wa kwanza wa ana kwa ana ulipokuja alichelewa kutoka, wakamfunga. Wa pili alitoka. Benchi la Keko halikurudi, na yule binti ameolewa kwingine. Hofu ilimlipisha vitu ambavyo goti la mshambuliaji lisingeweza kumnyang'anya.

Sasa nirudi kwenye zile dakika tano. Siku ile uwanjani palikuwa na hatari kubwa na ya kweli: kipa aliyepoteza kumbukumbu amerudishwa golini kwa chupa ya maji, na goti jingine lingeweza kumpata wakati wowote. Hapo hapakuwa na mtu mwenye hofu. Tulipiga makofi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2016 uliwalinganisha vijana walioondolewa mchezoni papo hapo na walioachwa waendelee: wa kwanza walipona kwa wastani wa siku 22, wa pili siku 44. Sheria za soka zenyewe, tangu msimu wa 2024/25, zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadili mchezaji aliyetikiswa ubongo, ili timu isipate sababu ya kumbakiza. Tulikosa hofu palipokuwa na hatari, tukaijaza chumbani mahali pasipokuwa na hatari.

Hilo ndilo funzo langu, na nalisema kwa mtu aliyelilipia. Hofu ina mahali pake. Mahali pake ni uwanjani, mchezaji akiuliza "ngapi ngapi" mara ya pili: mtoe, asirudi siku hiyo hata akisema yuko fiti. Mahali pake ni kwenye bodaboda: vaa kofia, kwa kuwa kofia ya pikipiki hupunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa karibu 69% na wa kufa kwa karibu 42%. Mahali pake ni siku za mwanzo, ukizichunga zile dalili za hatari na kumkimbiza mgonjwa zikionekana. Baada ya hapo, hofu isiyopewa mpaka hugeuka kuwa pigo la pili.

Nawe unayeumwa, ambaye miezi imepita na bado unajishika kichwa kila saa: hudeki, wala hujarukwa na akili. Huenda shingo yako inataka tiba, huenda macho na masikio yanataka mazoezi yake, huenda hofu ndiyo iliyobaki, na huenda ni vyote pamoja. Usijihukumu wala usijifungie. Rudi kwa daktari, umwambie na lile unaloona haya kulisema, kwamba unaogopa.

Na wewe unayemuuguza, mfungulie dirisha. Mtembeze hadi mlangoni leo, kesho hadi barabarani. Usimsomee misiba ya watu wengine usiku. Ukipewa karatasi hospitalini, isome pande zote mbili.